Vibao vya Bastola Nambari Kumi na Saba

Bastola kumi na mbili za Delbert Kistler zilikuwa zikilala ndani ya droo pana yenye kitambaa cha kijani, midomo yote ikiwa imeelekea ukuta wa mawe. Hiyo ilikuwa sheria yake, na aliishika kuliko alivyozishika nyingine nyingi za kanisani. Jumanne moja ya Novemba, saa kumi na dakika chache za alasiri, aliteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba kutafuta miwani yake. Akavuta droo. Kumi na moja zilikuwa zinatazama ukuta, na moja ilikuwa inatazama ngazi.

Akaigeuza, kisha akabaki amesimama na mkono wake juu yake. Chuma kilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu sasa hivi.

"Arlene!" aliita. "Umefungua droo yangu?"

"Mimi?" Sauti ya mkewe iliteremka kutoka jikoni pamoja na harufu ya nyama ya nguruwe na kabichi chachu. "Miaka arobaini na moja sijagusa hayo machuma yako, leo ndiyo nianze? Hebu panda ule, mzee, chakula kinapoa."

Delbert akacheka peke yake. Joto hilo ni la bomba la tanuri linalopita karibu na droo, alijiambia. Ila kulikuwa na harufu nyingine pale chini, kali, ya dawa ya kuchua misuli, na nyumbani kwake hakuna aliyekuwa akichua chochote. Hiyo hakuitafutia sababu. Alizima taa akapanda, na kwenye ngazi alitembea haraka kuliko kawaida yake.

Katika sehemu ile ya Pennsylvania, ambako mababu walikuja na Kijerumani chao na mpaka leo hakijawaisha mdomoni, Delbert alijulikana kwa kitu kimoja tu, bastola za polisi za zamani. Za jeshi hakuzitaka, za wawindaji hakuzitazama. Alitaka zile ambazo mji fulani ulinunua, ukazipiga mhuri wake nyuma ya mpini, ukampa kila askari yake azunguke nayo barabarani miaka ishirini mpaka mkanda ukakwangua rangi ya mtutu. Mtu akimwekea moja mezani kwenye maonyesho ya Jumamosi, Delbert hakuanza na bei. Alianza na nyundo, kile kikono cha nyuma kinachogonga risasi. Nyundo isiyochezewa ina mawingu ya rangi, buluu na kahawia kwa pamoja. Ukiiona nyeusi tupu, ujue kuna mjanja ameipaka bastola nzima upya. Akitoka hapo alipitisha ukucha juu ya mhuri kusikia kama kingo za herufi bado zinakwaruza. Mwisho kabisa alitoa bisibisi aliyoinoa mwenyewe, akafungua skrubu moja, akavua vile vibao viwili vya mti wa jozi vinavyouvika mpini, na kusoma upande wa ndani wa kile cha kulia. Huko kiwandani waliandika namba, na namba hiyo inatakiwa iwe ileile iliyo kwenye chuma. Zikilingana, Delbert alivua kofia. Zisipolingana alisema, "Huyu kavaa viatu vya mwenzake," na mwenye bastola alijua nusu ya thamani imekwenda na maji.

Watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kumdanganya mtu juu ya chuma, hata pale ambapo uongo ungemfaidi. Sifa hiyo aliipenda kupita kiasi.

Sasa hiyo iliyogeuka, nambari kumi na saba, aliipata kwenye mnada wa shamba moja, ndani ya sanduku la misumari. Mhuri ulikuwa wa polisi wa mji wa Weidnerton, na 17 chini yake, safi kana kwamba umepigwa jana. Nyundo ilikuwa na mawingu yake yote. Alipofungua vibao akakuta namba ya ajabu isiyohusiana. Kavaa viatu vya mwenzake! Delbert aliumia rohoni kama mtu aliyemkuta bibi harusi hana meno. Aliandika barua kiwandani akajibiwa kwamba bastola hiyo ilipelekwa Weidnerton mwaka 1927 pamoja na wenzake kumi na tisa, na kwa jinsi Delbert alivyoijua biashara hiyo, wale kumi na tisa walishayeyushwa zamani. Ilibaki hii moja. Na mahali fulani, kwenye kabati la mtu, vilibaki vibao vyake.

Magazeti ya maktaba ndiyo yaliyomwonyesha njia. Askari nambari kumi na saba aliitwa Harvey Raudenbush. Alasiri moja ya Novemba, mwaka 1931, alimaliza zamu saa kumi, akaingia kwake kwa mlango wa jikoni, akampiga risasi mkewe, mama yake na wanawe wawili wa kiume, halafu akajipiga na yeye. Gazeti lilisema alikuwa akilalamikia kichwa kwa wiki kadhaa, akikichua kwa dawa. Binti yake wa miaka tisa, Minerva, alikuwa amejificha chini ya nyumba katikati ya viazi. Risasi tano zilitumika. Silinda ya bastola ile inabeba sita.

Mtu mwingine angelifunga gazeti akaenda zake. Delbert alinakili jina la binti.

Bi Minerva alikuwa na miaka sabini na minne, hakuwahi kuolewa, na aliishi kwenye nyumba ya wazee kilomita thelathini kutoka kwa Delbert. Mara ya kwanza alipomwendea alibeba keki ya molasi aliyooka Arlene.

"Umefuata mbao," bibi alisema hata kabla mgeni hajakaa.

"Nani kakwambia?"

"Wanaume wa rika lako hawaji kunitazama mimi, kijana. Ningekuwa na miguu mizuri ningekufikiria vingine." Alikula keki, akafuta vidole, akavuta bati la biskuti kutoka chini ya blanketi lake. Ndani yake, kwenye kitambaa cha flaneli, vilikuwamo vibao viwili vya mti wa jozi, vyeusi kwa jasho la mkono. Delbert alivua kofia.

"Shangazi yangu alimwita mganga wa kwetu baada ya mazishi," Bi Minerva alisema. "Akavitenganisha. Chuma kikauzwa mbali, mbao nikapewa mimi. Kila siku ikifika saa kumi nazishika mikononi mpaka saa ile ipite. Baba akija kunitafuta, anakuta hana pa kushikia."

"Niazime wiki moja tu, Bi Minerva. Nipige picha, nikurudishie."

"La. Na usinizungushe, sijazeeka kichwa."

Alikwenda mara ya pili, akakataliwa. Mara ya tatu ilikuwa Jumapili, na bibi alikuwa na mafua, akasinzia kwenye kiti bati likiwa mapajani. Delbert alikuwa amevitia mfukoni vile vibao vya uongo vilivyokuja na bastola. Alijiambia hajui kwa nini amevibeba. Lakini jana yake alifuta namba iliyokuwamo, akaandika kwa penseli laini ile iliyo kwenye chuma, kwa mwandiko wa kiwandani, akaipaka vumbi la kahawia ionekane ya zamani, kazi ambayo angeona kaifanya mtu mwingine angemfukuza kwenye maonyesho. Alibadilisha kwa dakika isiyozidi moja. Aliporudi nyumbani alivivika vile vya kweli kwenye mpini, vikakaa bila ufa hata wa unywele, akalia machozi ya furaha, mzee mzima.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne bastola ikageuka yenyewe.

Jumatano, saa kumi, Arlene alikuwa akimenya viazi pale mlango wa jikoni ulipofunguka nyuma yake. Alisikia visigino vizito vya buti vikivuka sakafu, polepole, kama vya mtu aliyechoka na kazi. Akasema bila kugeuka, "Vua viatu, nimepiga deki." Visigino vikasimama. Alipogeuka hapakuwa na mtu. Delbert alikuwa nje uani akipasua kuni, na Arlene alimwona dirishani akiinua shoka.

Hakumwambia siku ile. Alimwambia Alhamisi, alipotoka nje bila koti, uso umemwisha damu.

"Del, kuna mtu ndani ya nyumba."

"Mtu gani?"

"Sijui. Kaniita." Alikuwa akinong'ona ingawa walikuwa nje na hapakuwa na jirani. "Kasimama nyuma yangu hapa, nasikia pumzi yake, ananuka dawa ya kuchua. Akaniita Minnie. Akasema, 'Minnie, toka huko, baba hajakasirika.' Minnie ni nani, Del?"

Minerva, aliwaza Delbert. Aliteremka chini, akavuta droo, akaifungua silinda ya nambari kumi na saba. Kwenye tundu moja kulikuwa na risasi ya zamani, shaba yake imeota kijani. Nyumba hiyo haikuwahi kuingia risasi. Delbert alikusanya bastola, risasi hakuzipenda. Aliitoa akaitupa mtoni, akiwa amesimama katikati ya daraja mchana kweupe. Asubuhi ya Ijumaa aliikuta tunduni mwake.

Ijumaa hiyohiyo kijana mmoja wa ukoo wa Bi Minerva aligonga mlango. Bibi alikuwa amefariki Jumatano, alisema, moyo tu, na alikuwa ameagiza bati hili liletwe kwa Bwana Kistler. Delbert alilifungua peke yake kwenye gari. Vilikuwamo vibao vyake vya uongo na kipande cha karatasi chenye mwandiko unaotetemeka. "Hizi si zangu. Mikono yangu inazijua zangu. Namba umeandika vizuri. Sasa hakuna anayezishika, na yeye kazi yake haijaisha." Karatasi ile aliikunja akaitafuna akaimeza kama mtoto wa shule aliyeshikwa na jibu la mtihani.

Kwa mkewe alisema nusu. Alisema bastola ina mambo, kwamba askari aliyekuwa nayo aliua watu, kwamba bati limeletwa na ukoo wake. Wizi hakuusema. Arlene alimsikiliza huku akipanga nguo kwenye begi.

"Nakwenda kwa dada yangu," alisema. "Sikwambii uchague mimi au chuma, sisi si watoto. Toa hicho kitu humu. Nitarudi siku utakaponiambia kwa mdomo wako kwamba kimekwisha. Wewe hujawahi kunidanganya, Del. Ndiyo maana nitarudi."

Kuanzia usiku ule mpaka Jumatatu Delbert alilala kwenye gari. Wazungu wa kule hawasemi jini, wala pepo hawalitaji. Husema tu "yule", na wakishasema yule humtafuta mganga wao wa Kijerumani, anayeponya kwa sala ya kunong'ona na kupitisha mkono. Aliyebaki ni mzee Clayton Moyer, mkamua ng'ombe mstaafu. Alikuja Jumatatu asubuhi na kofia ya majani, akazunguka vyumba vyote, akasimama mlangoni pa jikoni muda mrefu.

"Anaingilia hapa," alisema. "Kachoka kweli huyu. Anataka kumaliza kazi alale."

"Tukivitenganisha tena, mzee? Ilifaa miaka sitini na tano."

"Ilifaa kwa sababu kuna mtoto alikaa anazishika. Huyo mtoto si umesema kafa? Basi." Mzee alifungua mlango wa jiko la kuni, moto ukanguruma. "Chuma hakiungui, lakini mbao inaungua. Hiyo mbao ndiyo mkono wake. Mkono ukiungua, kilichobaki ni chuma cha kugongea misumari. Kavifungue wewe, na uvitie wewe. Mimi nasoma tu."

Delbert akashuka. Skrubu ilizunguka laini, kama inayosaidia. Aliviweka vibao vya kweli mezani, kando yake vile vya uongo, akawasha taa ya kutazamia. Hapo ndipo alipopotea, na hakuna jini lililomshika mkono. Alitazama penseli ya mwaka 1927, ile tarakimu 4 iliyoachwa wazi juu jinsi mfanyakazi yule alivyozoea, na jasho la mtu lililoingia mpaka ndani ya mti. Duniani havikuwapo vingine. Bastola nzima, kamili, ya mwisho ya Weidnerton, aende kuichoma jikoni kama gogo? Akavitia vya kweli mfukoni. Benki, aliwaza. Kuna milango ya chuma benki. Umbali wote ule, na ukuta, na kufuli. Inatosha.

Akapanda na vya uongo.

"Ndivyo?" aliuliza mzee Moyer.

"Ndivyo."

Mzee alimtazama. "Mbao sizijui mimi. Namsikiliza mtu tu."

"Ndivyo, mzee."

Vikaungua haraka, moshi wake mtamu. Mzee Moyer alinong'ona sala zake mara tatu, akapitisha kiganja juu ya jiko, akachukua kofia. Delbert alipotaka kusema asante akamkata. "Usinishukuru. Ukishukuru haishiki." Akaondoka bila kutazama nyuma. Malipo hayakuulizwa, wao hawaulizi.

Mchana Delbert aliweka vile vya kweli kwenye kisanduku cha benki, ndani ya flaneli, akapiga simu kwa shemeji yake.

"Kimekwisha," alimwambia mkewe.

"Kweli?"

"Nimevitia motoni kwa mkono wangu."

Arlene alirudi Jumanne, akaoka, akafungua madirisha ingawa kulikuwa na baridi. Saa kumi ikapita. Jumatano ikapita, na Alhamisi. Arlene akaanza tena kuimba nyimbo za kanisa akiosha vyombo, na jioni ya Alhamisi alimshika mumewe shingo akamwambia, "Nakushukuru, najua ulivyovipenda." Delbert alikosa pa kutazama.

Ijumaa roho ilimwasha. Alitaka avione tu, dakika tano, basi. Saa tisa na nusu karani wa benki alimfungulia kisanduku, akamwacha peke yake kwenye kijichumba. Flaneli ilikuwamo, imekunjwa jinsi alivyoikunja. Ndani yake hapakuwa na kitu. Kilichotoka ni harufu ya dawa ya kuchua, ikajaa kijichumba mpaka macho yakamtoka machozi.

Akakimbia. Barabara ya kurudi ni ya maili saba na aliiendesha huku akitazama saa ya gari kuliko njia, tisa na arobaini na tano, tisa na hamsini, akimwita Arlene kwa sauti ndani ya gari tupu, akimwambia atoke nje, aende kwa jirani, asimenye viazi, asimfungulie mtu, na kichwa kikaanza kumuuma nyuma ya jicho la kulia, kwanza kidogo halafu kama bisibisi inayozungushwa na mtu anayejua kazi yake, hata alipokata kona ya kwake hakujua tena kama anayeita ni yeye au anaitwa.

Alifungua mlango wa jikoni. Viazi vilikuwa nusu vimemenywa, kisu sakafuni. Arlene hayupo. Delbert akavuka jikoni na akasikia visigino vizito vya buti vikivuka naye, hatua kwa hatua, akasimama navyo vikasimama, akatazama miguuni akaona viatu vyake vya raba vya kila siku, akapiga hatua moja zaidi kwa kutotaka kuamini na kisigino kikagonga sakafu chini yake, na mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, ulikuwa umekumbatia kitu chenye joto kilichokaa kiganjani bila ufa hata wa unywele, na kwa mazoea ya miaka thelathini aliinua akatazama nyundo kwanza, mawingu yake yote, kisha mhuri, kisha silinda, na akaiona ile shaba ya kijani ikiwa imesogea mpaka mbele ya mtutu. Kuteremka chini kuichukua hakukumbuka.

Angevichoma siku ile. Sekunde mbili tu, mlango wa jiko ulikuwa wazi.

Chini ya nyumba, gizani, kwenye pipa la viazi, kitu kilisogea.

"Del?" Sauti ya Arlene ilikuwa ndogo sana. "Nimesikia gari lako. Amekuja tena, Del, kaniita, nimekimbilia huku. Ni wewe?"

Delbert alitaka kupiga kelele. Alitaka kumwambia abaki hukohuko, asukume kabati mlangoni, asimwamini mtu yeyote mwenye sauti hii. Alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo akazipeleka mdomoni, na mdomo ukafunguka.

"Ni mimi," ulisema, kwa upole. "Toka tu. Kimekwisha."

Na Arlene, ambaye kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kusikia uongo kwenye sauti ile, akashika ukuta na kuanza kupanda ngazi.